Kuwazoesha wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita fankisheni za sehemu na takwimu

Wanafunzi wa tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) wanaosoma BAM, yaani Basic Applied Mathematics, hukutana na fankisheni za sehemu (zile zinazoandikwa kama sehemu yenye x juu na chini) na takwimu ndani ya somo moja, lakini mara nyingi huzifanyia mazoezi kana kwamba mada hizo hazijuani. Katika kufundisha kwangu nimeshikilia utaratibu mmoja kwa mada zote mbili: mwanafunzi aandike kwanza anachotarajia kukiona, ndipo akokotoe. Asiyetarajia chochote hana namna ya kushtuka jibu linapokuwa baya, na kikokotoo hakitamshtua.

Tuchukue y = (x² − x − 6)/(x² − 9). Kabla ya kuchora chochote, ninamtaka mwanafunzi aniambie ni thamani zipi za x zinazoifanya asili kuwa sifuri, kwa sababu hapo ndipo fankisheni haina jibu. Atapata 3 na −3. Kisha atafute vigawo: kiasi kinakuwa (x − 3)(x + 2), na asili inakuwa (x − 3)(x + 3). Kigawo (x − 3) kiko juu na chini, kwa hiyo kinakatika na kubakiza (x + 2)/(x + 3). Hapa pana jambo linalostahili muda mrefu kuliko ule ambao walimu wengi huupa, nalo ni kwamba zile thamani mbili zilizokatazwa hazifanani kabisa katika grafu. Penye x = −3 mkunjo unapaa na kushuka bila kikomo kandokando ya mstari wima, yaani asimtoti wima. Penye x = 3 hakuna asimtoti; kuna tundu tu, katika nukta (3, 5/6), ambalo tunalionyesha kwa kiduara kisichojazwa. Kukata kigawo hakuiruhusu thamani iliyokuwa imekatazwa tangu mwanzo.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kukata x² ya juu na x² ya chini na kubakiza (−x − 6)/(−9). Kulikemea kosa hilo hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kumwambia mwanafunzi aweke x = 1 katika umbo la mwanzo na katika umbo lake: la kwanza linatoa 6/8, yaani 3/4, na la pili linatoa 7/9. Akiona mwenyewe kwamba majibu mawili yanapingana, ataelewa kwamba kinachokatika ni kigawo kinachozidishwa, wala si kipande kinachojumlishwa. Jaribio hilo huchukua nusu dakika, na linafaa kuwa desturi katika kila swali la kurahisisha.

Asimtoti mlalo, yaani mstari mlalo ambao mkunjo unaukaribia x inapozidi kukua, katika mfano huu ni y = 1, kwa kuwa x inapokuwa kubwa sana, vipande vya x² ndivyo vinavyoamua uwiano. Wanafunzi wengi wamekariri kwamba mkunjo haugusi asimtoti kamwe. Hilo ni kweli kwa asimtoti wima pekee: grafu ya y = x/(x² + 1) ina asimtoti mlalo y = 0, na bado inaukata mstari huo pale x inapokuwa 0.

Kwa takwimu, ninaanza na alama chache zinazoweza kushikika kichwani: 34, 41, 45, 48, 52, 55 na 96. Je, wastani utakuwa juu au chini ya mediani, yaani alama ya katikati zikipangwa kwa ukubwa? Mediani ni 48. Jumla ni 371, na wastani ni 53, kwa hiyo wanafunzi watano kati ya saba wako chini ya wastani. Ile 96 ikibadilishwa kuwa 61, mediani haitikisiki, lakini wastani unashuka hadi 48. Tofauti za kila alama na wastani wa 53 ni −19, −12, −8, −5, −1, 2 na 43, na jumla yake ni sifuri. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuzipandisha kipeo cha pili kabla ya kutafuta mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani: kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo hivyo ikigawanywa kwa idadi ya alama. Jumla ya vipeo hivyo ni 2448, na 1849 kati yake inatoka kwa alama moja tu ya 96. Mwanafunzi anayeona kwamba alama moja imechangia takribani robo tatu ya jumla yote hatashangaa mkengeuko sanifu ukifika 18.7, ilhali alama sita za mwanzo zimekaa karibukaribu.

Swali ninalolipenda kuliko yote linaziunganisha mada hizi mbili. Mwanafunzi amefanya majaribio manne na wastani wake ni 52. Akipata 80 katika kila jaribio linalofuata, wastani wake baada ya majaribio x mengine utakuwa y = (208 + 80x)/(4 + x). Wastani wenyewe umegeuka fankisheni ya sehemu. Ukiandikwa kama 80 − 112/(x + 4), unaonyesha kwa nini unapanda haraka mwanzoni, 57.6 baada ya jaribio moja na 66 baada ya manne, kisha unajikokota: baada ya majaribio 16 ni 74.4 tu. Hautafika 80 kamwe, kwa sababu zile alama za mwanzo zimo daima katika jumla.

Nikiuliza ni majaribio mangapi yanahitajika ili wastani ufike 70, aljebra inatoa x = 7.2. Hapo ninamwachia mwanafunzi aamue, na anayefikiri atasema 8, kwa kuwa baada ya 7 wastani ni 69.8 na baada ya 8 ni 70.7. Atatambua pia kwamba asimtoti wima x = −4 ipo katika grafu lakini haina maana yoyote katika habari ya majaribio, na kwamba grafu sahihi ya swali hili ni nukta zilizoachana, kuanzia x = 0, wala si mkunjo mmoja ulioungana.