Rimu nyepesi kwa Altezza ya barabara za Kusini

Kila msimu wa korosho, malipo yakishaingia, vijana wenye magari ya Toyota Altezza na Subaru Impreza hapa Mtwara hupita gereji kuulizia rimu nyepesi. Nami huwauliza: wepesi huo umepatikanaje?

Rimu haibebwi na springi. Ikigonga shimo, springi na shokomzoba ndizo zinazoirudisha chini. Ikiwa nzito, tairi huchelewa kushika lami. Tena inazunguka, kwa hiyo injini inaisukuma mbele huku inaizungusha. Unapokanyaga mafuta, kilo moja ya ukingoni ni mzigo unaokaribia kilo mbili zilizokaa kwenye buti. Ndiyo maana TE37, rimu ya kampuni ya Kijapani RAYS, inasifiwa tangu 1996: ya inchi 15 ilikuwa na kilo 3.7 tu.

Rimu ile imefuliwa. Alumini ikishindiliwa kwa mashine yenye nguvu kubwa huwa imara, hivyo unene unapungua bila hasara. Rimu nyingi madukani zimesubiwa, yaani madini yameyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu, na nguvu yake iko kwenye unene. Katikati kuna zilizosubiwa kisha ukingo ukavutwa kwa rola ukiwa wa moto. Ukipima bei na uimara, hizo ndizo ninazowashauri wengi. Ninayoikataa kabisa ni ya kusubu iliyokonda ili ifanane na ile maarufu. Geuza nyuma utafute JWL na VIA, alama za Kijapani za rimu iliyopimwa, na uzito inaobeba, mfano 690 KG, ingawa alama nazo huigwa, kwa hiyo ujue inatoka kwa nani. Za magnesi, kwa hewa ya chumvi ya Mikindani, usizifikirie.

Kuhusu ukubwa, sina huruma. Altezza RS200 yenye tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17) ina ukuta wa tairi wa milimita 97 hivi. Ukishuka hadi 205/55R16 unapata 113, na kimo cha gurudumu karibu hakibadiliki. Milimita hizo 16 zinaokoa rimu unapokutana na shimo usiku njiani kwenda Dar. Ila jaribisha kwanza, spoku zisiguse kalipa ya breki.

Ukinunua mtumba, vua tairi. Ufa hukaa mdomo wa ndani, usioonekana gari likisimama. Mimi hupaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta mpaka pakauke, kisha nikapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha hupanda na kuchora mstari mwembamba, mweusi, juu ya ule weupe. Iliyochomelewa usichukue hata ukipunguziwa, maana moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa alumini pale pale pembeni ya weld.

Jambo ambalo hata mafundi hulipuuza ni nati. Nati za rimu ya alumini ya Toyota iliyokuja na gari zina washa bapa. Rimu nyingi za kununua zinataka nati zenye koni. Ukichanganya, nati inashika kwa kipande kidogo tu na italegea. Tundu la katikati nalo lijazwe kwa pete: habu ya Altezza, yaani kitovu rimu inapovalishwa, ni milimita 60.1, bila pete usukani unaweza kutetemeka hata balansi ikiwa sawa. Kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103, si kwa mashine ya upepo. Ukitoka hapa kwenda Lindi, ni kama kilomita 100. Ukifika, acha rimu zipoe uzikaze tena.