Matete ya Umhlanga sio ya mfalme, ni ya mama yake

Jana tena. Mtu kanitumia ile klipu ya wasap ya Umhlanga, sherehe ya matete ya Waswati, mabinti maelfu wanacheza uwanjani, juu yake sauti inasema huyu mfalme wa Swaziland anachagua mke mpya kila mwaka hapo hapo, na chini watu wazima wenye watoto wa kike nyumbani wanacheka na kuulizana nauli ya kwenda Mbabane. Hiyo klipu nimeijibu darasani, nimeijibu harusini, nimeijibu hadi msibani. Nasoma na kufundisha tawala za jadi za kusini mwa Afrika, ndio kazi yangu, na leo naandika mara moja ili nikitumiwa tena nirudishe linki.

Nchi inaitwa Eswatini tangu Aprili 2018, mfalme wao Mswati III alilitangaza jina siku nchi ikisherehekea miaka 50 ya uhuru na yeye mwenyewe akitimiza 50. Hilo tuliache.

Tuje kwenye hesabu. Mswati alitawazwa tarehe 25 Aprili 1986, akiwa na miaka 18. Ingekuwa kila mwaka mke mmoja, leo tungekuwa tunakaribia wake arobaini. Wanaotajwa ni kumi na tano hivi kwa miaka yote hiyo, na kadhaa kati yao walishaondoka. Wapo aliowaona Umhlanga, sikatai, lakini kutoka hapo mpaka kusema sherehe yenyewe ni mnada wa wake ni mbali sana jamani.

Umhlanga ni tete, hili hili linaloota kando ya mto. Sherehe inaangukia mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba na inachukua siku nane, kamera zinakuja siku ya sita na ya saba basi, kwa hiyo dunia nzima inajua siku mbili. Siku ya kwanza mabinti wanafika Ludzidzini, kwenye makazi ya mama mfalme, kila kundi limetoka kwa chifu wake na limesindikizwa na wanaume ambao chifu kawateua. Usiku wa pili wanaondoka kwenda kukata, wakubwa wanapelekwa mbali, wadogo, na humo wamo wa miaka minane, wanakwenda karibu. Wanakata kwa panga, wanafunga mzigo, halafu wanarudi usiku, makusudi usiku, ionekane safari ilikuwa ndefu. Ukisimama njiani unasikia kabla hujaona, majani ya juu ya matete yanasuguana, shwaa shwaa, halafu ndio zinakuja nyimbo, halafu ndio unaona vichwa. Matete ni marefu kuliko walioyabeba, yanayumba mbele na nyuma, na mtoto aliye nyuma inabidi aache nafasi asichomwe usoni.

Yanapelekwa wapi? Hapa ndio napandwa na hasira, maana hakuna anayeuliza. Yanawekwa nje ya makazi ya mama mfalme, kwa ajili ya kutengeneza guma, ule ua mrefu wa matete unaokinga nyumba yake. Watu wa pwani neno ua mnalijua vizuri, sihitaji kulieleza. Kwa hiyo mabinti wamekata, wamebeba, wamefikisha kazi ya mama, na ngoma inafuata baada ya kazi. Mfalme anakuja kuwashukuru siku ya saba, yaani kwenye hiyo klipu yenu yeye ni mgeni wa mama yake.

Na huyu mama sio pambo. Cheo chake ni Ndlovukati, na hapa Mswahili hahitaji mkalimani: ndlovu ni ndovu, kati ni jike. Mfalme ni Ngwenyama, simba. Utawala ni wa wawili, mwana na mama, na Waswati wana msemo kwamba mfalme anakuwa mfalme kwa mama yake. Mfalme akifa wazee wa ukoo hawatafuti mtoto wa kwanza, wanapima mama, katoka ukoo gani, tabia yake ikoje. Wake wawili wa kwanza, mmoja wa ukoo wa Matsebula na mwingine wa Motsa, ni wa kimila, watoto wao wa kiume hawarithi kiti kabisa. Sobhuza II, baba yake Mswati, alipofariki Agosti 1982, baada ya kuwekwa kwenye ufalme tangu 1899 akiwa mchanga, nchi ilibaki mikononi mwa wanawake: kwanza malkia Dzeliwe, mwaka 1983 akaondolewa katika mvutano wa wakubwa wa ikulu, akaingia Ntfombi, mama yake Mswati, mpaka kijana alipotimiza umri. Hayo yote klipu imeyameza.

Sherehe ya mfalme mwenyewe ni Incwala, Desemba mpaka Januari, bila mfalme haipo. Huko vijana wa kiume ambao hawajaoa ndio wanatumwa kukata matawi ya mti wa lusekwane, na inaaminika tawi likinyauka aliyelikata keshalala na mwanamke. Wavulana nao wanapimwa usafi, ila klipu yao sijawahi kutumiwa.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana wapo wanaonishangilia nikifika hapa, wale wa "mila zetu za maelfu ya miaka". Hapana. Umhlanga tunayoiona ilichukua umbo lake miaka ya 1940 chini ya Sobhuza, ikitokana na umcwasho, desturi ya zamani ya kuwalinda mabinti. Mwaka 2001 Mswati aliirudisha umcwasho yenyewe, wasichana wavae vishada vya nyuzi na wasiguswe, atakayevunja atoe ng'ombe. Mwaka huo huo akaposa binti wa miaka 17. Akajitoza faini. Ng'ombe mmoja. Mtu akiniambia hii ni mila tu tuiheshimu, namuuliza mila ipi inampa mtu mmoja kuwa mtunga sheria, mvunjaji na hakimu.

Na hapo ndipo palipo uzito, wake ni kitu kidogo. Tarehe 12 Aprili 1973 Sobhuza alifuta katiba kwa tamko na kupiga marufuku vyama. Katiba mpya ilianza kazi 2006 lakini vyama bado havigombei, watu wanasimama mmoja mmoja kupitia tinkhundla, yaani maeneo ya uchaguzi yaliyojengwa juu ya machifu, mfalme anateua waziri mkuu na maseneta 20 kati ya 30. Juni 2021 vijana waliingia barabarani, watu wakauawa. Januari 2023 wakili Thulani Maseko, aliyedai mabadiliko kwa sauti kubwa, alipigwa risasi nyumbani kwake.

Sisi Watanganyika machifu wetu walivuliwa mamlaka 1963, kwa hiyo tukisikia chifu tunaona mzee wa kilemba siku ya sherehe. Kule chifu ndiye anayekupa pa kujenga. Unakwenda kukhonta, kuomba kupokelewa, unatoa ng'ombe, unapewa sehemu ya kujenga na kulima, na ardhi inabaki ya taifa chini ya mfalme. Kuanzia hapo una wajibu, wakikuita kazini unakwenda. Kukata matete nako ni wito wa namna hiyo.

Ndio maana shaka yangu haiishi na wanafunzi wangu wanaijua. Vitabu vinasema heshima, magazeti ya nje yanasema kulazimishwa, mimi nimekaa na mabinti hawa na nimeona vyote viwili kwa mtoto mmoja. Binti wa miaka kumi na tano hivi, mikono imechubuka, anacheka mpaka analia na wenzake kwa sababu ni wiki nzima bila kuchota maji wala kubeba mdogo wake mgongoni, na huyo huyo nilipomuuliza ingekuwaje asingekuja, akaacha kucheka, akasema baba alishamwahidi chifu.

Siku ya nane zilichinjwa ng'ombe alizotoa mfalme. Akachukua kipande chake cha nyama, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akapanda lori la kwao.