"Noisome" si kelele

Ninawafundisha wakalimani wa makanisani, wale wanaosimama kando ya mhubiri mgeni na kumfasiria papo hapo. Kila tukifika Zaburi 91 najiandaa kuudhika. Mstari wa 3 katika Biblia ya King James ya 1611 una maneno "noisome pestilence", na hakosi mtu wa kusema "tauni yenye kelele". Mwingine anaipamba: "tauni ya kishindo!"

Jamani, hapana. Kivumishi hiki hakihusiani na "noise" hata kidogo. Kimetokana na "noy", ufupisho wa zamani wa "annoy", ambalo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa wakalitoa kwenye Kilatini, "in odio", yaani kuwa chukizo kwa mtu. Katika karne ya 14 kilimaanisha chenye madhara. Karne ya 16 kikaanza kusemwa juu ya harufu, na siku hizi mwandishi akikitumia, mara nyingi anazungumzia uvundo wa kutapisha, kama wa mtaro wa maji machafu.

Zaburi inabaki na ile maana ya kwanza. Fungueni Biblia ya Kiswahili mliyonayo, ile ya Union Version: "tauni iharibuyo". Ufunuo 16:2, penye "noisome" tena, pameandikwa "jipu baya, bovu". Kelele iko wapi hapo? Mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani amekuja kusikia kwamba Mungu atamwokoa na maradhi yanayoua. Ukimpa kelele, umemnyima neno alilolifuata.

Mengine ni mepesi. Ile "-some" ya mwisho si "some" ya "baadhi". Ni kiambishi cha Kiingereza cha Kale, "-sum", kinachoonyesha sifa, kama katika "tiresome" na "quarrelsome". Wanaodai neno lenyewe limekufa nao wamekosea: ni adimu, lakini bado linaandikwa. Na mkikutana na "fulsome praise", msikimbilie "sifa tele", kwani mara nyingi ni sifa zilizopitiliza hadi zinakera.

Mwombeni mhubiri mistari yake kabla ya ibada, hata zikibaki dakika tano, mkaisome kwa Kiswahili. Akikataa, shika Biblia yako wazi mkononi, na akitaja andiko, lisome lilivyo. Usilifasiri upya.