Mtoto "asiye na sikio" mbele ya amadinda

Nilikulia kambini Jinja, mtoto wa askari, na Kiswahili cha kambi ndicho tulichogombania mpira. Nikiwa darasa la nne, mwalimu wa kwaya alitupanga mstari akapita akitega sikio kwenye mdomo wa kila mmoja. Alipofika kwangu alinigusa bega. "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Siku ya mashindano nilifungua na kufumba mdomo kama samaki, mama yangu akiwa mstari wa mbele anapiga makofi. Leo nafundisha watoto ala za asili hapa Kampala, na bado siimbi vizuri. Nalisema mapema msije mkangojea kipaji kilichojificha. Hakikuwepo.

Kilichokuwepo ni mzee mmoja jirani, Mganda, aliyekuwa na amadinda nyuma ya nyumba yake na hakuwa na mtu wa kupiga naye.

Amadinda ni marimba ya mbao 12, aghalabu za mti wa lusambya, zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na vijiti vimechomekwa kati yake zisitembee. Kazi ya sauti fundi ameshaimaliza. Mbao ikilia juu mno aliipunguza katikati upande wa chini, ikilia chini mno alipunguza ncha zake. Mtoto anayepotoka akiimba hana namna ya kuipotosha mbao. Anachodaiwa ni wakati tu.

Linganisha na endingidi, zeze la Waganda: uzi mmoja, hakuna ubao wa kuukandamizia, kidole kinatafuta mlio hewani. Wazazi huipenda kwa kuwa ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shule. Kwa mtoto aliyekwisha kuambiwa hana sikio la muziki, naiona kama adhabu.

Sasa ugumu wa amadinda uko wapi? Wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Mwanzishaji, omunazi, hupiga mapigo yaliyolingana, mikono yote miwili pamoja: mbao ya kwanza na ya sita, ya pili na ya saba, ambazo ni sauti ileile chini na juu. Sehemu hiyo nimewahi kumfundisha mtoto wa miaka sita kwa mchana mmoja. Halafu anaingia omwawuzi, mwenye kutenganisha. Yeye hutia mapigo yake katikati ya pigo na pigo la mwenzake, kwenye upenyo ule mwembamba, na hapo ndipo watoto hulia.

Nilikuwa na msichana wa miaka tisa aliyeshindwa Jumamosi tatu mfululizo. Akiwa peke yake, safi kabisa. Nikianza mimi, akiingia, mapigo mawili matatu yanakaa vizuri, kisha mkono wake unateleza na kuja kugonga pamoja na wangu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu, niambie ukweli. Tuache?"

"Mama, nipe leo tu."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa namfundisha kusikia mapigo yake kama kiraka cha mapigo yangu, na anayemfuata mtu mbio mwisho humkanyaga kisigino. Omwawuzi mzoefu hasikii hivyo. Kwake yeye, mapigo yake ndiyo mguu unaokanyaga chini, ya mwenzake ndiyo yanayoruka juu. Kwa hiyo niligeuza mambo. Nilimwacha aanze yeye, sehemu yake ileile, polepole, akigonga mguu chini kila pigo, mpaka akaanza kutazama dirishani. Ndipo nikaingia mimi katika nafasi zake, kwa ncha za fimbo, kimyakimya. Hakutetereka. Nikaongeza nguvu kidogo kidogo. Baada ya muda aliacha kupiga ghafla, akainama kutazama mbao.

"Nani amepiga ile?"

Hakuna aliyekuwa ameipiga. Kasi ikipanda, na wakubwa hufikisha zaidi ya mapigo 500 kwa dakika wakihesabiwa wote wawili, sikio huzikusanya sauti za chini na za chini, za juu na za juu, likasikia wimbo ambao haumo mkononi mwa yeyote. Mtafiti wa muziki Mwaustria, Gerhard Kubik, aliyeanza kujifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1959, aliandika sana juu ya sauti hizo. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, kazi yake imetoka humo humo: anategea kila mahali mbao mbili za chini kabisa zinapolia, anazirudia kwenye mbili za juu kabisa. Mbao mbili tu. Huyo msichana "asiye na sikio" alikuwa amesikia kitu ambacho watu wazima huhitaji kuonyeshwa.

Sisemi kipaji ni uongo. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Brooke Macnamara na wenzake walijumlisha tafiti zilizotangulia, wakakuta mazoezi ya makusudi yanaeleza kama asilimia 21 tu ya tofauti kati ya wanamuziki. Wapo pia wachache, watafiti hukadiria asilimia 1.5 ya watu, ambao ubongo wao kweli hautofautishi sauti za muziki. Lakini tafiti hizo za mazoezi zinapima nani amempita nani. Mtoto wa miaka tisa hashindani na mtu. Anataka kumaliza wimbo mmoja bila kugongana na mwalimu wake.

Mama aliuliza afanye nini nyumbani, maana amadinda hana. Nikamwambia jerikeni tupu na vijiti viwili vinatosha: kaka yake awe omunazi, yeye awe omwawuzi, dakika 10 kila jioni kabla ya chakula, na wakigongana waanze upya polepole zaidi, pasiwe na wa kulaumiwa.

Jumatano iliyofuata simu ililia usiku.

"Mwalimu, samahani kwa saa hizi. Mwenye nyumba anauliza hilo jerikeni linaisha lini."