Ubeti wa kutia moyo: ukweli mdogo ndani ya mizani 16

Mwezi wa pili jirani yetu hapa Majengo, Moshi, alipunguzwa kazini. Jioni ile watu walipita kwake mmoja mmoja: pole dada, Mungu ni mwema, yatapita. Kila mmoja alimjibu "asante" kwa sauti ile ile. Niliporudi nyumbani nikachukua karatasi nimwandikie neno, nikaandika: "Usikate tamaa, kesho itakuwa njema." Nikaisoma mara mbili, nikaichana. Mimi kesho yake siijui. Na mstari ule ungeweza kwenda kwa aliyefeli mtihani, aliyeibiwa pikipiki au aliyeachwa na mchumba, bila kubadilisha hata herufi moja.

Asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba kumwaga maji machafu. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumevuna mkungu na kuukata mgomba wake. Kisiki kilikuwa kimeanza kunyauka, kimepakwa utomvu mweusi, na pembeni mwake lilikuwa limechomoza chipukizi, jembamba, limechongoka kama ncha ya mkuki. Hapo ndipo nilipopata cha kuandika:

Mgomba ukikatika, shina limo udongoni,
Chipukizi litatoka, pale pale kisikini,
Umekatwa, hukung'oka, shina lako limo ndani.

Hicho ndicho ninachokiita ubeti wa kutia moyo: shairi fupi, la mistari miwili, mitatu au minne, linaloegemea jambo moja la kweli ambalo mtu anaweza kwenda kuliona kwa macho yake, na linaloandikwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Jambo la kweli la mgomba ni hili. Ule mwili mnene tunaouita shina kwa kweli ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana, moja ndani ya nyingine, ndiyo maana panga linapita kama linakata kabichi. Shina lenyewe ni tunguu lililoko chini ya udongo. Ukikata kilicho juu, hujalifikia. Kila mtoto aliyekulia mgombani hapa Uchagani amewahi kuona mgomba ukikatwa na mwingine ukija pale pale, ila wachache wameambiwa sababu. Ubeti unachukua sababu hiyo na kuiweka mbele ya mtu aliyekatwa, basi.

Neno "kutia moyo" lenyewe linastahili kutazamwa. Tunatia chumvi kwenye mboga, tunatia maji mtungini, tunatia sukari kwenye chai. Kitu kinachotiwa hutiwa kwa kiasi, na kinaingia ndani ya kitu ambacho tayari kipo. Anayetia moyo hamwondolei mwenzake shida wala hamletei maisha mapya. Anaongeza kijiko kimoja. Kwa hiyo ufupi wa ubeti huu hautokani na uvivu wa mwandishi. Mtu mwenye uzito kifuani hana nafasi ya beti 20. Kufariji ni jambo jingine, na nitalirudia, maana nimewahi kuyachanganya nikamuumiza mtu.

Ndugu wa karibu wa ubeti huu ni jina la kanga, yale maneno machache chini ya mji wa kanga ambayo mama humnunulia mwenzake kwa kuyachagua. Maandishi ya nyuma ya vifodi, yaani daladala za Arusha, nayo ni ukoo huo huo. Methali pia. Lakini methali ni ya kila mtu: "Baada ya dhiki faraja" inamfaa mfalme na inamfaa mchoma mahindi, na kwa sababu tumeisikia tangu utotoni, mara nyingi inapita sikioni bila kugusa kitu. Ubeti una faida ya kuwa mgeni. Msikilizaji anasimama kidogo, anajiuliza: kumbe mgomba uko hivyo?

Sasa umbo. Ushairi wetu wa mapokeo una kanuni zake, na anayepita barabara za Arusha anapita karibu na jina la mmoja wa walioziandika. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ambao watu huujaza kwa ajili ya mpira na sherehe za kitaifa, umepewa jina la mtu aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu kinachofundisha sheria za kutunga mashairi. Ningependa sana siku moja nisikie kipaza sauti cha uwanja ule kikisoma ubeti kabla ya filimbi.

Kanuni zenyewe kwa kazi yetu hii ndogo ni chache. Mshororo mmoja, yaani mstari, hugawanywa vipande viwili. Kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8, jumla 16. Silabi za mwisho za vipande vya kwanza zilingane, hivyo ni vina vya kati; na za vipande vya pili zilingane, hivyo ni vina vya mwisho. Uhesabu kwa vidole: m-go-mba-u-ki-ka-ti-ka, nane. Ile "m" ya mwanzo ina pumzi yake, ihesabu. Halafu shi-na-li-mo-u-do-ngo-ni, nane. Ubeti wa mishororo miwili huitwa tathnia, wa mitatu tathlitha, wa minne tarbia. Ule mstari nilioichana karatasi yake ungeshindwa hata hapa: "usikate tamaa" ni mizani 7, "kesho itakuwa njema" ni 8. Wenyewe wangeuita guni.

Wapo wanaosema kuhesabu mizani ni minyororo ya bure, na mashairi huru mazuri yapo mengi. Kwa ubeti wa kutia moyo mimi nashikilia vina na mizani, kwa sababu moja ya kazi. Karatasi hupotea, simu huisha chaji, na mtu anahitaji maneno yale saa nane za usiku akiwa hana mwanga. Kina humshika mkono: akikumbuka "udongoni", "kisikini" inakuja yenyewe. Lakini pale kina kinapotaka kupotosha ukweli, natupa kina. Nilitamani sana mgomba wangu "uchanue kwa thamani", lingekwenda vizuri na "udongoni", ila halikuwa na maana yoyote. Lilikuwa limekuja kwa ajili ya sauti tu.

Mfano wa pili ni wa kijana anayejifunza ushonaji kwa fundi cherehani. Mwaka wa pili sasa, bado anapewa vifungo na mapindo, wenzake waliokwenda kuendesha bodaboda wanamrushia vijembe. Nikamkumbusha jambo ambalo babu yake alilijua kuliko mimi. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ukiupanda, utaupalilia na kuumwagilia miaka mitatu au minne ndipo upate buni za kwanza za maana. Watu wa mteremko huu wa Kilimanjaro walilijua hilo wakaupanda hata hivyo, mpaka mwaka 1933 wakawa na chama chao cha ushirika, KNCU, cha kuuza kahawa hiyo.

Kahawa hula miaka, mitatu haijazaa,
Mwenye shamba hana shaka, ajua yajiandaa.

"Yajiandaa" ni "inajiandaa" iliyopunguzwa silabi moja ili kipande kisipande hadi tisa. Washairi huiita hila hiyo inkisari, na imeruhusiwa tangu zamani. Usiitumie mara tatu katika ubeti mmoja, shairi litasikika kama lina kikohozi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka mlimani. Ukipanda Kilimanjaro, juu ya msitu na juu ya nyasi, kwenye meta zaidi ya 3,500, unakutana na miti ya ajabu iliyosimama kama watu waliovaa makoti. Wataalamu wa mimea wanaiita senesio. Bonde la Barranco linayo kwa wingi, na wagumu, yaani wapagazi wetu, huiona kila safari. Lile koti ni majani yake yenyewe yaliyokufa. Miti mingi ikipoteza majani huyaacha yaanguke. Huu huyabakiza, yakakauka yakiwa yamelikumbatia shina, tabaka juu ya tabaka. Kule mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda, na yale majani makavu ndiyo yanayozuia baridi isilifikie shina.

Nilipoelezwa hivyo nilimfikiria binamu yangu. Alikuwa amefungua duka la mitumba likafa, akafuga kuku wakafa, akaanzisha tuisheni nayo ikafa. Mtu akimuuliza habari za biashara anatazama chini. Nikamwandikia beti mbili fupi kwa umbo la utenzi, ambalo mstari wake ni mizani 8 tu na lina mwendo wa hadithi:

Mti ule wa mlima
majani yake ya nyuma
hukauka yakagoma
kuliacha shina lake.

Usiku baridi kali
hayo makavu ni shali
nawe yako ya awali
usiyatupe, yashike.

Hakunijibu siku tatu. Kisha akanipigia, akauliza kama ni kweli majani hayaanguki. Nikamwambia muulize mgumu yeyote. Akauliza kweli, pale stendi. Hilo ndilo linalonifanya niupende ubeti wa namna hii: mtu haihitaji imani kwangu mimi. Anaweza kwenda kuhakikisha, na akihakikisha, neno linakuwa lake.

Kwa sababu hiyo hiyo uongo ni sumu hapa. Mmeshasikia habari ya tai anayefika miaka 40 akapanda juu ya jiwe, akajing'oa mdomo, kucha na manyoya, akangoja vyote viote upya, akaishi miaka mingine 30. Imezunguka kwenye simu zetu na imehubiriwa kwa machozi. Haijawahi kutokea. Tai asiye na mdomo hali, na asiyekula siku nyingi anakufa. Aliyeizua huenda alikuwa na nia njema, lakini mfikirie mgonjwa aliyeibeba habari hiyo kama fimbo yake, halafu mjukuu wake wa darasa la saba anamwambia, "Bibi, hiyo si kweli." Fimbo imevunjika akiwa katikati ya mto. Kabla sijaandika ubeti namuuliza mtu anayeshughulika na kitu chenyewe: mkulima, nesi, fundi, mwalimu wa sayansi. Wakitofautiana, naacha jambo hilo nachukua jingine. Ukweli mdogo haujaadimika: moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 100,000 kwa siku bila kuamrishwa, mwanga wa jua hutumia dakika 8 na ushee kutufikia. Hapa Moshi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikifunikwa na mawingu tangu saa nne asubuhi, hakuna anayekwenda kutangaza kwamba imepotea.

Ukweli peke yake, hata hivyo, hautoshi. Mgomba ule ule ulionisaidia kwa jirani uliwahi kuniumbua miaka kadhaa nyuma. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amefiwa na mumewe, na mimi, kwa kujiona nina la maana, nikamwambia kwamba mgomba huzaa mara moja tu kisha unakufa, lakini unaacha machipukizi. Ni kweli tupu. Alinitazama kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, machipukizi ninayo. Mimi nalilia mgomba."

Tangu siku ile najua tofauti ya kutia moyo na kufariji. Aliyefiwa hahitaji kuambiwa kinachokuja. Anahitaji mtu wa kukaa naye kuhusu kilichoondoka. Ubeti wa kutia moyo ni wa aliyechoka, aliyeshindwa, anayengoja, anayeanza upya. Msibani peleka mtori, kaa kwenye mkeka, nyamaza. Na jambo moja la kweli lina nyuso nyingi: mgomba unaokatwa na kuchipua ni ule ule unaozaa na kufa. Kabla ya kuutuma ubeti, jiulize msomaji wako ataukumbuka uso upi.

Kuhusu kuukabidhi, sina mengi. Andika kwa mkono kama unaweza. Usiweke maelezo chini yake, "maana yake ni kwamba usikate tamaa", kwa sababu umeshasema, na ukisema tena unamwambia mwenzako kwamba hukumwamini kuelewa. Usingoje sifa.

Ule wa jirani niliukunja nikampa mwanaye aupeleke. Siku mbili kimya. Siku ya tatu, Jumamosi, nikasikia ananiita kwenye ua wa michongoma.

"Mdogo wangu, hilo chipukizi liko wapi?"

Nikamwambia, "Karibu dada, liko huku nyuma."

Akazunguka, akachuchumaa mbele ya kisiki. Lilikuwa limeshafika magotini na limefungua jani moja, jembamba, rangi ya chokaa iliyotiwa kijani. Akalishika kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani. Kisha akasimama, akapangusa mikono kwenye kanga, akaniomba jembe. Alitaka kulihamishia kwake.