Anayeogopa watu, kwa nini namtuma kwenye maigizo

Wazazi hushtuka ninapowaambia mtoto wao anayeogopa watu ajiunge na kikundi cha maigizo shuleni. "Dokta, huyu hata tangazo la mstarini hawezi kulisoma, leo apande jukwaani?" Jukwaa mimi silijali sana. Ninachokitaka ni mazoezi.

Hofu hii huanza zaidi katika umri wa kubalehe. Ikidumu miezi sita au zaidi, na kijana akawa anakwepa watu kiasi cha kuvuruga masomo, tunaihesabu kuwa tatizo la afya ya akili. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kinachoilisha: mbele za watu, kijana hujichunguza mwenyewe. Anasikiliza sauti yake inavyotetemeka, kisha anaamini kila mtu ameisikia. Anajifanya anatafuta kitu kwenye begi, na akitoka salama, anaona begi ndilo lililomwokoa.

Mazoezini begi halisaidii. Usipomsikiliza mwenzako, zamu yako inakupita, kwa hiyo masikio yanalazimika kutoka nje. La kusema limeshaandikwa. Halafu kila siku kuna anayesahau maneno. Watu wanacheka, wanaanza upya.

Chukulia kijana wa kidato cha tatu, Temeke, kapewa kuwa mjumbe wa nyumba kumi kwenye igizo la mahafali (la ulevi, bila shaka, mahafali gani yasiyo na mlevi?). Anayeigiza mkewe ndiye anayemshikia karatasi akikwama. Wiki za mwanzo wanaongea mambo ya igizo tu. Baadaye wako kituoni wanasubiri daladala ya Mbagala, wanabishana ni nani aliyeharibu onesho la pili, na karatasi hakuna mkononi.

Akimzimikia binti huyo? Mzazi, usiwake, wala usimtoe kikundini. Ongea naye kuhusu mipaka, na kuhusu kukubali jibu la binti lolote liwalo. Akikataliwa na kesho yake akaenda mazoezini, mimi nitafurahi kuliko makofi yote ya mahafali.

Walimu, msimpe nafasi kubwa mara moja. Aanze na kuvuta pazia, kupanga viti, kisha sentensi mbili. Na kama ameshaacha kabisa kwenda shule, maigizo peke yake hayatoshi: mleteni kwa mtaalamu kwanza. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili.