CB ni redio gani, na mtu wa Kigoma anasikiliza nini humo?

Ukimwambia mtu wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, kwamba unasikiliza CB (Citizens Band, yaani masafa ya raia), swali la kwanza atakalokuuliza ni hiyo stesheni iko FM ngapi. CB haina stesheni. Ni kipande cha masafa, karibu na megahezi 27, ambacho nchi nyingi zimekitenga ili raia wa kawaida waongee wao kwa wao kwa redio ndogo bila kufanyiwa mtihani wa ufundi. Humo hakuna mtangazaji, hakuna taarifa ya habari, hakuna salamu za wasikilizaji. Kuna dereva wa lori anayemuuliza mwenzake kama mbele kuna foleni, mstaafu anayetaka kujua sauti yake imefika wapi leo, na watu wawili wanaobishana juu ya mpira. Anayesikiliza tu, bila kurusha, naye ana nafasi yake, na kwa sisi tuliopo kando ya Ziwa Tanganyika hiyo ndiyo nafasi yenye utamu.

Tusiichanganye na simu za upepo ambazo watu wa hapa wamezizoea mikononi mwa polisi, kwenye misheni au kambi za wakimbizi. Zile zina masafa yake, kibali chake na kazi yake, na mambo yao si ya kusikilizwa na watu baki.

CB ilianzia Marekani. Serikali ya huko ilianza kuwatengea raia masafa mwaka 1945, na mwaka 1958 ikafungua eneo la megahezi 27. Mwanzoni chaneli zilikuwa 23. Tangu Januari 1977 ziko 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. Chaneli ya 9 ni ya dharura, ya 19 imekuwa ya madereva wa malori. Hao madereva ndio walioifanya ijulikane: baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, mwendo barabarani ulishushwa hadi maili 55 kwa saa, mafuta yakawa ya kutafuta, basi wakawa wanaambizana kituo gani kina mafuta na askari wamejibanza wapi. Uingereza watu waliziingiza redio hizi kinyemela kwa miaka mpaka serikali ikaziruhusu Novemba 1981.

Nguvu inayoruhusiwa Marekani kwa AM, njia ya kawaida ya kurusha sauti kwenye CB, ni wati 4, chini ya balbu ya LED ya sebuleni. Ikipita ardhini tu, sauti ya namna hiyo hufika kilomita kumi, pengine ishirini pakiwa tambarare na antena ikiwa juu. Sasa itazame Kigoma yenye vilima kila upande, na malori ya Kasulu na Kibondo ambayo madereva wake wanamalizana kwa WhatsApp. Ungekuwa unategemea majirani, ungesikiliza mvumo mtupu mwaka mzima. Kinachokuletea sauti huku ni anga.

Kilomita 200 hadi 400 juu yetu, mwanga wa jua huzipa chembe za hewa chaji ya umeme, na tabaka hilo linaweza kulipinda wimbi la redio likarudi ardhini mbali sana na lilikotoka. Wazee waliokuwa wakitafuta idhaa za Kiswahili za ng'ambo kwenye mita bendi 25 au 31 walitumia tabaka hilohilo. CB iko mita 11 (huo ndio urefu wa wimbi lake), pembezoni kabisa mwa masafa yanayoweza kurudishwa. Siku jua likiwa tulivu, wimbi linatoboa na kwenda zake. Siku jua likiwa na madoa mengi, yale mabaka meusi usoni mwake yanayoonyesha kwamba limechangamka, wimbi linarudi, na wati 4 zinavuka bara.

Likirudi, halirudi karibu. Kati ya mahali sauti inapoishia ardhini na mahali inapotua kutoka juu pana eneo kubwa la ukimya. Ndiyo maana mtu wa Tabora, ambaye kwa treni ni safari ya siku moja, hutamsikia kamwe, na mtu wa Johannesburg, kilomita zaidi ya 2,000, anaingia safi hadi unasikia mbwa anabweka nyuma yake. Mgeni wa mchezo huu hudhani redio yake ni mbovu. Iko sawa.

Na sisi tumekaa mahali pazuri. Tabaka hilo huwa nene zaidi pande mbili za ikweta ya sumaku, yaani mstari wa katikati wa sumaku ya dunia, ambao kwa Afrika Mashariki inapita kaskazini yetu, Ethiopia. Mchana na jioni unene huo hufungua njia ya kaskazini na kusini, kutoka kwetu hadi nchi za Mediterania. Mtaliano aliyeko zaidi ya kilomita 5,000 anaweza kusikika Kibirizi wakati watu wanarudi kutoka mwaloni, na jua likizidi kushuka, kwao Brazili bado ni mchana, nao huanza kuingia.

Si kila mwaka, lakini. Madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takribani miaka 11. Mzunguko wa sasa ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya anga na hali ya hewa, NASA na NOAA, yalitangaza kwamba umefika kipindi cha kilele. Kuanzia hapo ni kushuka, kwa hiyo anayetaka kuanza asingoje sana.

Utasikia nini hasa? Kwenye chaneli 40, fujo. AM ikifunguka, watu wanapandana, filimbi zinalia, anashinda mwenye antena. Mimi hupita huko haraka. Uhondo uko juu kidogo, 27.555, ambako wapenzi wa kuongea na watu wa mbali huitana kwa SSB, namna ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi. Nchi nyingi haziwaruhusu kuwa pale, lakini wapo, tena na nidhamu kuliko walio chini. Kila nchi wameipa namba: 1 ni Italia, 2 Marekani, 3 Brazili, 13 Ujerumani, 14 Ufaransa, 30 Hispania. Mtu akijitaja kwa kuanza na "kumi na nne", huna haja ya kujua Kifaransa. Wanaitana, wanapeana alama ya usikivu, kisha wanahamia masafa mengine kuongea. Wafuate huko.

SSB inataka mkono mwepesi. Ukiigusa kwa mara ya kwanza inasikika kama bata aliyekabwa. Zungusha kitufe polepole, hatua ndogo kabisa iliyopo kwenye redio. Sauti inakuwa nzito mno, kisha nyembamba mno, na katikati yake pana sehemu finyu ambapo ghafla ni mtu anaongea. Ukipita kidogo tu, bata amerudi.

Redio inayofaa ni ile ya masafa mafupi inayofika megahezi 30 na yenye SSB. Angalia kabla ya kulipa, maana nyingi za bei rahisi zinaishia mbali chini ya 27, na muuzaji atakuapia kwamba inashika dunia nzima. Njia nyingine ni kile kidude cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta na kuifanya redio ya kupokelea, RTL-SDR: kwa kawaida kinaanzia kama megahezi 24, kwa hiyo CB imo, na unaiona bendi nzima kwenye skrini.

Antena ni waya. Vipande viwili vya mita 2.6 kila kimoja, katikati unaunga kebo. Ya dishi la TV inatosha kwa kusikiliza. Uunyooshe mashariki na magharibi, kwa sababu antena hii husikia ubavuni, na watu unaowataka wako kaskazini na kusini. Uweke mbali na bati. Mwembe ni mlingoti mzuri, mradi wenye nyumba wakubali, na mwenyekiti wa mtaa umwambie mapema ni kitu gani: hapa ni mpakani, waya juu ya mti huzaa maneno.

Adui wa kila siku ni kelele za ndani. Chaja za simu, balbu za LED, inveta ya sola, vyote vinamimina mvumo kwenye megahezi 27. Umeme ukikatika mtaa mzima unalalamika, na wewe mwenye redio ya betri ndiyo unaanza kusikia. Adui wa masika anatoka ng'ambo ya ziwa: milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na wingu likianza kunguruma upande huo, chomoa kebo uitoe nje ya dirisha kabla ya kufikiria lingine.

Kurusha ni habari nyingine kabisa. Masafa nchini yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na redio ya kurushia haiwashwi bila kibali chao, hata iwe ya wati 4.

Ili usikae masaa mbele ya bendi iliyofungwa, anzia jirani yake, 28.200. Hapo kuna mtandao wa vituo 18 vya wapenzi wa redio duniani, vinavyopokezana kila sekunde 10 na kurudia zamu kila dakika 3. Kila kimoja kinatuma jina lake kwa alama za Morse, milio mifupi na mirefu, kisha mlio mrefu mara nne: wati 100, wati 10, wati 1, na sehemu moja ya kumi ya wati. Cha Afrika Kusini kinajiita ZS6DN, cha Israeli 4X6TU. Weka redio kwenye SSB uhesabu milio. Ukisikia mmoja tu, endelea na shughuli zako. Ukiisikia mitatu au minne kutoka 4X6TU, kaskazini pamefunguka: rudi 27.555.